Equilab: programu ya bure iliyonifanya niache kulipia lipia droo kali

Hii programu ya hesabu za poka inaitwa Equilab, imetoka kwa wale jamaa wa tovuti ya PokerStrategy, ni ya kompyuta ya Windows na haina malipo, na mimi nimekaa nayo karibu miezi nane sasa kwahiyo naona naweza kuiongelea bila kukurupuka. Sitapitia kila kitufe chake, nitaongelea zaidi kitu kimoja ilichonibadilisha, yani namna ya kucheza droo kali (mkono ambao haujakamilika ila una kadi nyingi za kuukamilisha) kwenye meza za keshi, sio tonamenti, keshi kabisa hela yako mwenyewe mezani, maana ndo kitu kilichokuwa kinanila kimya kimya miaka yote na mimi nikidhani nacheza kwa akili.

Ngoja niwape mkono wenyewe tuelewane. Ijumaa moja, kasino moja hapa Dar, Texas Hold'em, kila mtu karata zake mbili na kadi tano za wote mezani, bilaindi, yani hela za lazima za watu wawili kabla ya kugawa, 1,000 na 2,000. Kuna mzee mmoja huwa yupo kila Ijumaa, mstaarabu sana, ukifika unampa shikamoo yake anaitikia vizuri halafu ndo mnaanza kutoana hela. Mzee akapandisha 8,000 akiwa katikati ya meza, mimi nimekaa kwenye baton, kiti cha anayeamua wa mwisho kadi za mezani zikifunguka, nina J na 10 zote za kopa, nikalipia, bilaindi kubwa naye akalipia, mzigo mezani ukawa 25,000. Flopu, yani kadi tatu za kwanza za mezani, ikafunguka Q ya kopa, 9 ya kopa, 2 ya shupaza. Yani hapo kopa yoyote nina flashi (tano za aina moja), K yoyote au 8 yoyote nina streti (tano zinazofuatana). Bilaindi kubwa akagonga meza, yani kapita bila kubeti, mzee mbele yake ana laki moja kamili imebaki, akatoa humo 20,000 akabeti, na mimi nina zaidi yake.

Nikalipia. Ndo nilivyokuwa nafanya siku zote. Bilaindi kubwa akatupa, kadi ya nne ikaja 3 ya pau, mzee akapiga 50,000, nikapiga hesabu ya haraka kichwani nikaona bado inalipa, nikalipia tena. Kadi ya tano 7 ya uru. Mzee akasukuma 30,000 zake za mwisho, mimi mkononi sina kitu hata pea, nikatupa. Elfu 78 imeondoka na hakuna hata sekunde moja ambapo nilimpa mzee swali gumu. Akaonyesha K na Q, pea moja tu ya Q, halafu akaniambia kwa upole kabisa, "Kijana wangu, ungeniwekea zote pale mwanzo ningekuachia." Sikulala vizuri siku ile, na sio kwa sababu ya hela, ni ile sentensi.

Mimi nimekulia Tanga, karata nimejifunza barazani kwa kina mjomba, albastini mpaka usiku, na kule ukishika turufu unaijua ni turufu, iko mkononi, ina thamani yake pale pale. Nafikiri ndo maana akili yangu ilikuwa inaiona droo kama mkono ambao bado haujazaliwa, kwahiyo unaulea taratibu kwa kulipia kidogo kidogo mpaka ufike, ukifika ndo unapiga. Na watu wengi wa mezani kwetu wanacheza hivyo hivyo mpaka leo.

Sasa kesho yake jamaa yangu akanitumia hii programu. Unaifungua, sehemu moja unaandika karata zako, sehemu nyingine za mpinzani, na sehemu ya kadi za mezani. Herufi zake ni rahisi, h ni kopa, s shupaza, d uru, c pau, na T ni 10, kwahiyo nikaandika JhTh, mzee nikampa KsQc, mezani Qh9h2s, nikabonyeza. Ikaniambia mimi ndo niko mbele. Karibu asilimia 53 kwangu. Mimi ambaye sina pea, niko mbele ya mtu mwenye pea ya juu kabisa mezani! Nikadhani nimekosea kuandika, nikafuta nikaandika upya, ikarudi ile ile.

Nikampa mzee A mbili, ya shupaza na ya pau. Asilimia 56 na kitu, bado kwangu. Ndo nikashika kalamu nihakikishe mwenyewe maana siwezi kuamini mashine tu. Kopa zimebaki 9, K zisizo za kopa 3, 8 zisizo za kopa 3, jumla kadi 15 zinazonibeba. Karata ambazo hatujaziona ni 45, na namna za kutoka kadi mbili za mwisho ni 990, kati ya hizo zile zinazokosa zote mbili ni 435 tu. Yani zaidi ya nusu ya njia zote zinanifikisha. Ukijumlisha zile mara chache ninazopata pea mbili na ukatoa zile chache ambazo A zake zinageuka full house (tatu za namba moja na mbili za nyingine), unakuja pale pale kwenye 56.

Halafu nikamtafutia mzee mkono mbaya kuliko yote ninayoiogopa, akiwa na 2 mbili, yani tatu za 2 ukijumlisha ya mezani, ndo inaitwa seti. Nikategemea nione 20 hivi. Asilimia 42. Hapo ndo nilikaa kimya muda mrefu, maana hofu yangu yote ya kuweka zote mapema ilikuwa ni "je akiwa na seti", na hiyo seti yenyewe inanipa mimi 42.

Programu yenyewe inaishia hapo, kazi yake ni kukuambia ekwiti, yani fungu lako kwenye mzigo kama kadi zote zikifunguliwa bila mtu kubeti tena. Haikuambii uweke zote au utupe. Hiyo hesabu ya pili unaifanya mwenyewe kwenye karatasi na nawaombeni muifanye, msiishie kuangalia ile namba na kufurahi. Angalieni mkono wangu. Mzee kabeti 20,000 kwenye mzigo wa 25,000, mezani kuna 45,000. Nikiweka laki nzima ya kumtosha, kuna mambo mawili, atupe au alipie. Akitupa nabeba 45,000 papo hapo bila kuona kadi. Akilipia mzigo unakuwa 225,000. Chukua sasa ile hali mbaya kabisa, kwamba kila akilipia ana seti, fungu langu la asilimia 42 ni 94,500, nimeweka 100,000, kwahiyo napoteza 5,500 kwa wastani. Elfu tano na mia tano! Mimi nilikuwa naogopa laki, kumbe kinachopotea kwa wastani kwenye hali mbaya kuliko zote ni hela ya chakula cha mchana. Sasa kama kwenye mara 10 mzee anatupa hata 3, ile 45,000 ninayobeba mara hizo 3 inafunika kila kitu, inatoka faida ya kama 9,650 kila nikifanya hivyo. Na ili nitoke sare tu inatosha atupe mara 11 kwa kila 100. Mzee mwenye K na Q ambaye kwa mdomo wake kasema angeniachia, niambieni.

Na kiukweli sio kila akilipia ana seti. Hapa ndo sehemu ya programu ninayoipenda kuliko zote, ile jedwali ya aina zote 169 za karata mbili za kuanzia, unabonyeza vibox unamjengea mpinzani renji yake yote, yani mikono yote anayoweza kuwa nayo, badala ya mkono mmoja. Nikamwekea mzee A mbili, K mbili, AQ, KQ na seti zote tatu. Kabla ya kubonyeza nikahesabu njia, yani kila mkono anaweza kuwa nao kwa namna ngapi. Seti ya Q njia 3, ya 9 njia 3, ya 2 njia 3, jumla 9. A mbili 6, K mbili 6, AQ 12, KQ 12. Jumla 45, na seti ni 9 tu humo, moja ya tano. Jibu likatoka pale pale kwenye 50 kwa 50. Maana yake hata mzee akilipia renji yote hiyo asitupe hata mkono mmoja, nusu ya 225,000 ni 112,500, bado niko juu ya laki niliyoweka, kwa sababu ya zile hela zilizokuwa tayari mezani. Kila akitupa KQ ni nyongeza juu ya hapo.

Kuna kitu kingine ambacho sikuwahi kukifikiria kabla ya hii programu na naona watu hawakizungumzii vya kutosha. Ile 53 au 56 ni ya kadi mbili. Ukilipia tu kwenye flopu umenunua kadi moja, na kwa kadi moja zile 15 zako ni asilimia 32 tu, ikikosa mzee anakutoza tena bei kubwa zaidi na wewe sasa umebakiwa na asilimia 33 hivi ya kadi moja ya mwisho. Ndo kilichonipata. Ukiweka zote kwenye flopu umelipa mara moja na kadi zote mbili ni zako, hakuna wa kukufukuza njiani. Jaribu mwenyewe kwenye programu, weka kadi ya nne isiyokusaidia kama ile 3 ya pau uone namba yako inavyoporomoka kutoka 50 na kitu mpaka thelathini na kitu. Ukiona hilo kwa macho yako hutarudia kusubiri subiri.

Tuna msemo hapa mjini, usinitishie nyau. Watu wakiniona nasukuma zote na droo wanasema natishia nyau. Mimi nawaambia hapana, nyau wangu ana makucha, ukikimbia nimeshinda na usipokimbia bado tunagawana nusu kwa nusu. Kutishia kwenyewe ni ukiwa huna kitu kabisa.

Lakini, na hapa naomba msome vizuri maana kuna wadogo zangu wawili niliwaelekeza wakasikia nusu wakaenda kusukuma kila droo wakaishiwa, programu hii hii ndo inakuonyesha zipi ni kali na zipi ni za kawaida. Flashi peke yake kadi 9, ni asilimia 35 tu kwa kadi mbili. Streti ya pande mbili kadi 8, 31 na nusu hivi. Streti ya katikati kadi 4, 16 na nusu, hiyo sio ya kuwekea laki. Droo ninazosukuma mimi ni zile zenye kadi 12 kwenda juu, mfano A na 5 za kopa kwenye K ya kopa, 8 ya kopa, 3 ya pau, dhidi ya mtu mwenye K na Q za shupaza una kopa 9 na A 3, programu inakupa karibu 46. Ukichanganya na nafasi ya mtu kutupa, hiyo ni silaha. Tena ile A inakulinda usikutane na flashi kubwa kuliko yako. Sasa chukua 6 na 5 za kopa hapo hapo, halafu mpinzani naye ana A ya kopa na kopa nyingine, unasukuma hela ili upate flashi ambayo ukiipata ndo unafilisika vizuri. Niliona mtu anafanyiwa hivyo mbele yangu, alifurahi kopa ya tatu ilipotua akasimama kabisa kwenye kiti. Iliniuma mpaka mimi.

Na meza ikiwa na namba mbili zinazofanana, sema 9 mbili, punguza sana, kuna watu tayari wana full house na kadi zako 15 zimeshakuwa za bure. Watu wakiwa wanne kwenye mzigo pia punguza, mmoja wao hatatupa tu.

Suala la mpinzani ndo sehemu ambayo programu yoyote ya ekwiti inakuachia wewe, na sawa tu, wewe ndo umekaa nao. Kuna watu mezani kwetu hawatupi pea, wamekuja kufurahi, wamelipa kiingilio na bia wanataka kuona kadi ya mwisho. Kwa hao ile 45,000 ya bure isahau, hesabu yako yote iwe kwenye ekwiti peke yake, na flashi tupu ya asilimia 35 usiwasukumie. Ile ya kadi 15 wasukumie tu, wakilipia na pea yao wewe ndo uko mbele. Kwa mtu kama yule mzee anayefikiri, anayejua kuachia, ndo droo inakuwa na thamani mara mbili. Mwenye hela kidogo sana mbele yake naye, amebakiwa na 15,000 kwenye mzigo wa 25,000, hatakutupia, ameshajifunga, usijidanganye kwamba unamtisha.

Sasa tukirudi kwenye programu yenyewe. Kuna kitu humo ndani cha mazoezi, inakupa mikono miwili na meza, unakisia asilimia, halafu inakuonyesha ulivyokosea. Mimi nimefanya hicho dakika 10 kila asubuhi kabla sijaingia kazini na nimeona tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kufanya kwenye poka. Mwanzoni nilikuwa nakosea kwa 15 au 20, sasa hivi mara nyingi niko ndani ya 4. Mezani huruhusiwi kufungua kompyuta kwahiyo lazima namba zikae kichwani. Ile kanuni ya kuzidisha kadi zako mara 4 kwenye flopu na mara 2 kwenye kadi ya nne ni nzuri, ila nimegundua kwa kuilinganisha na programu kwamba kwenye droo kubwa inazidisha, kadi 15 mara 4 ni 60 wakati ukweli ni 54. Kwa kadi 8 na 9 iko karibu sawa.

Ina namna mbili za kukokotoa, moja inapita njia zote moja moja, nyingine inakisia kwa kuchezesha mikono mingi ovyo ovyo. Ukiwa kwenye flopu na mikono miwili tumia ya kwanza, njia ni zile 990 tu, jibu ni hapo hapo. Ukiwa na renji kubwa na meza tupu tumia ya pili. Waliotumia PokerStove zamani hawatapata shida yoyote, ni kazi ile ile ila hii ina muonekano mzuri zaidi na kuhifadhi renji zako ni rahisi. Mimi nina renji ya yule mzee nimeihifadhi, ya dada mmoja anayecheza kwa nguvu sana, na ya jamaa wawili wa kulipia kila kitu.

Kiswahili haina, lugha ni ya kizungu, ila vitufe ni vichache kwahiyo hata kama lugha inakusumbua mtu akikukalisha nusu saa umemaliza. Anayetumia simu peke yake hii sio yake, unahitaji kompyuta, hata ile ya zamani inatosha, mimi yangu ina miaka mingi na haijawahi kulalamika.

Kwa anayeanza kusukuma droo leo, jiandae na hili. Asilimia 54 maana yake mara 46 kwa kila 100 unapoteza laki yako mbele za watu huku wanakutazama. Mwezi wa pili tangu nianze, usiku mmoja nilisukuma droo kali tatu, zote zililipiwa, zote tatu zikakosa. Nikarudi nyumbani na bodaboda nikiwa nimechoka kweli, nikafungua programu nikaingiza mikono yote mitatu, mmoja 54, mmoja 46, mmoja 51. Nilikuwa nimecheza sawa. Kupoteza tatu mfululizo za nusu kwa nusu hutokea karibu mara moja kwa kila nane, kwahiyo sio mkosi wala sio mgawaji. Ila kwa sababu hiyo mimi siendi mezani na hela ya kodi wala ya ada ya mtoto, naenda na hela niliyoitenga ya mchezo, na nikipoteza mara mbili ya niliyokaa nayo naondoka, maana mtu mwenye hofu ya kodi hawezi kusukuma laki na pea hana hata kama namba inamwambia asukume.

Nyota ningeipa 5 kati ya 5 kwa kazi inayodai kuifanya. Ijumaa iliyopita nilikuwa tena na yule mzee, nina A na J za uru, flopu ikaja 10 ya uru, Q ya uru, 4 ya pau, kabeti 18,000, nikahesabu kopo langu la chipu taratibu nikasukuma zote. Kafikiri dakika nzima, karata zake kaziangalia mara mbili, halafu kazisukuma kwa mgawaji zikiwa zimefunikwa. Akanitazama akasema, "Umejifunza wapi wewe?" Nikamwandikia jina la programu kwenye kikaratasi.